Ndege Atoke Kabla Kopo la Rangi Halijafunguliwa

Shangazi,

Nimesita sana kukuandikia kwa sababu kila niliyemweleza jambo hili amenitazama kama mtu aliyepungukiwa. Tunaishi Kitengela, upande wa Noonkopir, na tangu mwisho wa Juni tunakarabati nyumba yetu ili iwe tayari kabla ya wakwe kuja Agosti. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa na ndege wawili aina ya kokateli, Embe na Wingu, aliopewa na mjomba wake.

Jumamosi iliyopita fundi alipaka vanishi kabati za jikoni na milango. Nilifungua madirisha yote. Jikoni hakukukalika, nikahamishia meko sebuleni, karibu na tundu lao. Jioni nilibandika kikaango kipya, vile visivyoshika chakula, nikaitwa langoni. Niliporudi kilikuwa kikavu kinafuka kidogo, wala hakikuungua, nikaendelea kupika. Baadaye gesi ikaisha, nikawasha jiko la makaa na kuliingiza ndani kwa sababu ya baridi. Kabla ya habari za saa moja Embe alikuwa chini ya tundu, mdomo wazi. Alikata roho mkononi mwa mwanangu. Wingu yu hai, lakini amejikunyata na mkia wake unapanda na kushuka anapopumua. Usiku huo mume wangu aliamka na homa na kifua kumbana, tukasema ni baridi ya Julai.

Mume wangu anasema ni ndege tu, hawezi kusimamisha kazi kwa ajili ya ndege. Fundi alicheka. Jumatatu wanabomoa dari waweke jipsamu, kisha ni rangi nyumba nzima, kisha mtu wa kupuliza dawa ya mchwa. Dada yangu wa Kajiado mjini ameniambia nimpeleke Wingu kwake, atamtengenezea tundu la waya wa kuku huko nje. Jirani naye ametaka kutuuzia kasuku wa kijivu kwa bei ya chini ili mtoto asahau.

Mtoto ndiye anayeniumiza. Kila usiku ananiuliza kama Embe alikufa kwa sababu yeye alisahau kuwabadilishia maji asubuhi ile. Nimwambie nini? Na je, nimgawe Wingu kwa watu nisije nikamuua naye?

Mama wa Wingu, Kitengela

*

Mama wa Wingu,

Kabla ya lolote lingine: Wingu anaumwa, na hawezi kungojea Jumatatu. Mkia unaopanda na kushuka kwa kila pumzi maana yake anatumia misuli ya mwili mzima kutafuta hewa. Ndege huficha ugonjwa hadi nguvu za kuficha zinapomwishia, kwa kuwa porini anayeonekana dhaifu ndiye mwewe humwona kwanza. Ukimwona amejikunyata mchana kutwa, jua amekuwa akivumilia kwa muda. Mtoe katika nyumba hiyo leo, apelekwe kwa jirani asiyepaka rangi wala kupikia makaa ndani. Funika tundu pande tatu kwa shuka safi apate joto na utulivu. Usimtilie maji mdomoni kwa nguvu, na usimpe dawa ya binadamu hata tone. Kisha mpigie daktari wa mifugo aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo ya Kenya, na umuulize kwa simu kama anatibu ndege wa nyumbani, maana wengi wa Kajiado siku yao huisha kwenye ng'ombe na mbuzi. Ukikosa wa karibu, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo huko Upper Kabete. Mweleze daktari yote uliyonieleza mimi, hasa ile habari ya kikaango.

Umeitaja habari ya kikaango kwa kupita tu, ilhali mimi naiona ndiyo kiini cha barua yako.

Fundi alianza vanishi asubuhi. Embe alishinda na harufu hiyo kutwa nzima, na hapana shaka ilimdhuru, kwa sababu vanishi na thina hutoa mvuke unaochoma njia ya hewa. Lakini alianguka jioni, ghafla, muda mfupi baada ya kikaango kukauka motoni. Vikaango hivyo hupakwa kitu kinachoitwa politetrafluoroethilini. Wengi wanakijua kwa jina la Teflon. Kikaango kama hicho kikitumika kwa moto wa kawaida, chakula kikiwa ndani, hakina neno. Kikiachwa kitupu juu ya gesi, dakika chache zinatosha kukipitisha nyuzi 260 za Selsiasi, na kadiri joto linavyozidi hapo ule mpako huanza kuvunjika na kutoa gesi na chembe ndogo mno. Si lazima uone moshi mwingi. Si lazima kiungue. Binadamu akivuta hewa hiyo, saa chache baadaye anaweza kushikwa na homa, kutetemeka na kubanwa kifua, halafu ikaisha kwa siku moja au mbili. Ndege mapafu yake huvuja damu na kujaa maji, naye hufa kwa dakika au saa chache. Madaktari wa ndege wamelijua hili kwa miongo mingi, lakini muuza vyombo sokoni hakuambii.

Sasa soma tena ulichoandika kuhusu mume wako usiku ule. Julai ya Kitengela huwapa watu homa bila msaada wa kikaango, kwa hiyo siapi. Ila ukiweka homa yake na kifo cha Embe katika sebule moja na jioni moja, ningemtaka naye amweleze daktari, hasa ikiwa kifua bado kinambana.

Mshukiwa wa tatu ni jiko la makaa, na huyu ndiye aliyenitisha zaidi. Makaa yanapowaka ndani hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyokohoza mtu. Kila msimu wa baridi nchini mwetu kuna familia iliyoingiza jiko chumbani jioni na kukutwa imekufa asubuhi. Mtoto wako alikuwa katika chumba hicho. Hata Wingu akipona, hata rangi zikikauka, jiko hilo lisivuke tena kizingiti likiwa na moto.

Nikuambie kwa nini ndege hutangulia. Mapafu yetu hutanuka na kusinyaa, na pumzi huingia na kutokea njia ile ile, hivyo kila mara hewa mpya huchanganyika na mabaki ya ile ya zamani. Ya ndege hayatanuki. Yamezungukwa na vifuko vya hewa, kwa ndege wengi tisa, vinavyofanya kazi kama mivukuto ya mhunzi: hewa huvutwa hadi vifuko vya nyuma, kisha husukumwa kupitia mapafu kuelekea mbele, upande mmoja tu, na hivyo ndege huchota oksijeni anapovuta pumzi na hata anapoitoa. Ukuta unaotenganisha hewa na damu yake ni mwembamba kuliko wetu. Maumbile hayo ndiyo yanayomwezesha kuruka kwa saa nyingi bila kuishiwa pumzi. Ndiyo pia yanayoingiza sumu kwenye damu yake haraka kuliko kwetu. Na kokateli mzima ana uzito wa gramu 90 hivi, chini ya robo ya pakiti ya majani ya chai ya nusu kilo, kwa hiyo kipimo ambacho wewe hukisikii kwake ni kikubwa mno.

Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waliutumia udhaifu huo kujiokoa. Katika miaka ya 1890 mwanafiziolojia John Scott Haldane, aliyechunguza maiti za wachimbaji waliouawa na kaboni monoksidi baada ya milipuko, alipendekeza washuke shimoni na viumbe wadogo ambao gesi ingewashika kwanza. Kanari ndiye aliyefaa zaidi. Ndege hao waliteremshwa migodini kwa miongo mingi, na walianza kuondolewa mwaka wa 1986 vilipopatikana vyombo vya kielektroniki. Mchimbaji aliyemwona kanari wake akiyumba kwenye kijiti hakusema ni ndege tu. Alipanda juu mara moja.

Hilo ndilo ninalotaka umwambie mume wako, na usilichanganye na mambo ya machozi. Usimwombe amhurumie Wingu. Mwambie kwamba hewa iliyomuua Embe ndiyo mliyoivuta ninyi watatu jioni hiyo, na kwamba hamtaki kusimamisha kazi, mnataka kuipanga upya. Mwanamume anayejenga nyumba ili wakwe waione hakosi moyo. Amebanwa na tarehe na pesa ya fundi. Mpe mpango ulio tayari. Fundi naye usimgombeze. Muulize tu kila asubuhi leo anafungua kopo gani, na umwambie akunong'oneze kabla hajalifungua. Fundi huyo huvuta thina kuanzia Januari hadi Desemba bila barakoa. Akielewa kwamba unauliza pia kwa ajili ya mapafu yake, kicheko kitakwisha.

Mpango wenyewe ni huu: Wingu aondoke kabla kopo la kwanza halijafunguliwa, na asirudi hadi siku kadhaa baada ya la mwisho kufungwa. Ulifungua madirisha yote Jumamosi, nawe ulifanya kama mama mwangalifu yeyote angefanya, lakini dirisha huipunguza hewa chafu, haliiondoi, na wakati mwingine upepo huigeuza na kuirudisha ndani kupitia chumba kingine. Tambarare ile ya Athi mnakoishi upepo wake mara nyingi hutoka mashariki. Ikiwa jikoni kwenu kumeelekea huko, kufungua dirisha la jikoni kulikuwa kuisukuma vanishi sebuleni.

Usije ukafikiri kwamba chumba cha mwisho cha kulala kitamfaa wakifanya dari. Tazama juu watakapoibomoa. Katika nyumba zetu nyingi kuta za ndani huishia usawa wa dari, na juu yake ni mbao na mabati yasiyogawanywa. Dari ikitoka, vyumba vyote vinakuwa kimoja. Unaweza kufunga mlango na kuziba chini yake kwa taulo lililoloweshwa, na vumbi bado litapita juu ya ukuta. Vumbi hilo si la mchezo. Kuna unga wa jipsamu wanapopiga msasa, kuna unga wa skimu ukutani, na wakikata vigae kwa grinda ndani ya nyumba kuna vumbi la silika ambalo haliwafai hata wao. Mwambie fundi vigae vikatwe nje, kwa maji. Na mwambie asichome mabaki uani. Nimeona katika ujenzi mwingi jioni hufagiwa vipande vya mbao zilizopakwa, mifuko ya saruji, mabomba ya plastiki na sponji, vikatiwa kiberiti pale pale chini ya dirisha la watoto.

Kwenye rangi una nafasi ya kuchagua, ikiwa bado hamjanunua. Rangi ya maji ina mvuke kidogo kuliko ya mafuta. Itumieni kwa kuta zote, na ya mafuta ibaki kwa milango na magrili tu. Kazi ya kuchomelea magrili ifanyiwe karakana, si uani, kwa sababu bomba lililopakwa zinki likichomwa hutoa moshi wenye sumu. Fundi akitaka kuikwangua rangi ya zamani kwenye fremu za madirisha, asitumie moto. Alowanishe kwanza, apige msasa ukiwa majimaji, na maganda yote yaokotwe. Kenya sasa imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila milioni katika rangi, lakini hujui kilichopakwa fremu hizo kabla yenu, na ndege wa jamii ya kasuku hutafuna kila kinachobanduka. Risasi haichagui ndege na mtoto. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walipigana mahakamani kwa miaka mingi kwa sababu ya sumu hiyo kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wakiongozwa na Phyllis Omido.

Jambo dogo ambalo husahaulika: jioni, brashi hulala ndani ya mkebe wa thina ulio wazi, kwenye pembe ya ukumbi, hadi asubuhi. Kazi imesimama, nyumba imefungwa kwa sababu ya wezi na baridi, na mkebe ule unatoa mvuke usiku kucha huku mmelala. Kila jioni kabla ya kufunga mlango, zunguka mwenyewe na utoe nje kila mkebe, kila kitambaa kilicholoa, kila chupa ya gundi isiyo na kifuniko.

Dawa ya mchwa ndiyo iwe ya mwisho kabisa, na siku hiyo hata ninyi msiwepo. Najua udongo mweusi wa Kitengela na mchwa wake; sikwambii uache. Ila usimkubali mtu anayekuja na bomba mgongoni na chupa isiyo na lebo. Omba jina la dawa, hakikisha imesajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za kuulia wadudu, na usome kwenye lebo ni baada ya saa ngapi watu wanaruhusiwa kurudi. Kwa ndege ongeza siku juu ya hizo. Mtama na alizeti zake, vikombe vya maji, vijiti vya kutulia, vyote vitoke pamoja naye. Mbegu zikibaki kwenye mfuko ulio wazi jikoni, zitupe.

Sasa Kajiado. Dada yako amejitolea vizuri, na kama daktari atasema Wingu anaweza kusafiri, huko ndiko aende. Ni kilomita 50 hivi, kwa Barabara ya Namanga kupitia Isinya. Mpeleke asubuhi, kwa gari la mtu unayemjua ikiwezekana. Ikibidi matatu, tundu likae mapajani mwako likiwa limefunikwa shuka, kamwe lisipandishwe juu kwenye keria. Omba asiwepo anayevuta sigara, na gari lisipuliziwe manukato.

Lakini lile tundu la waya wa kuku huko nje, mwambie dada asubiri. Waya mpya umepakwa zinki, na kokateli hupanda kwa mdomo, hutafuna, hulamba. Zinki ikimwingia tumboni anaweza kufa nayo polepole huku mkidhani bado ni ile vanishi. Ukilazimika kuutumia, usugueni wote kwa siki na brashi ngumu, msuuze kwa maji mengi, ukauke juani, na kila ncha yenye tone la zinki iliyoganda ikatwe. Huko nje kuna mwewe na kunguru mchana, kuna paka, kanu na nyoka usiku, na baridi ya Julai ya nyanda zile haimfai ndege mgonjwa wa mapafu. Aishi ndani, katika chumba ambacho hakipikiwi, mbali na dirisha linalopitisha upepo. Muulize dada anapikia nini na wapi. Muulize kama huchoma ubani au udi, kama huwasha dawa ya mbu ya kuzunguka, kama hupuliza dawa ya kunguni. Vikaango vyake visivyoshika chakula avitundike kwa kipindi hicho. Na ikiwa ni mtu wa hita, ajue kwamba baadhi ya hita na taa za joto hupakwa kitu kile kile cha kikaango. Chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa nje ya tundu inamtosha Wingu.

Sidhani dada yako wa Kajiado anakosa kuku wa kienyeji. Kideri, ambacho wafugaji wanakiita Newcastle, huzunguka sana katika kuku wetu, na hakichagui kati ya jogoo na kokateli. Vyombo vya Wingu visioshwe pamoja na vya kuku, na anayetoka bandani anawe mikono na abadilishe viatu kabla ya kumgusa.

Arudi lini? Usiitegemee pua yako. Pua huizoea harufu baada ya nusu saa na kukuambia hewa ni safi. Mwite mtu ambaye hajaingia nyumbani kwenu kwa wiki, umsimamishe katikati ya sebule madirisha yakiwa yamefungwa tangu usiku, umuulize anasikia nini. Akisema anasikia rangi, bado. Kanuni ninayoishika mimi ni siku tatu au nne za madirisha wazi baada ya mpako wa mwisho wa rangi ya maji, na wiki mbili kwa rangi ya mafuta au vanishi. Kabati mpya za mbao za kiwandani hutoa mvuke wa gundi kwa muda mrefu zaidi. Ziacheni milango wazi mchana. Wakwe watakapokuja Agosti, huenda tundu bado litakuwa Kajiado, na hakuna ubaya.

Kuhusu kasuku wa kijivu wa jirani, mwambie asante, hapana. Ndege huyo mara nyingi hutekwa porini, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Huku kwetu alikuwa akiishi msitu wa Kakamega, na huko sasa ni nadra mno kumwona. Mwaka 2016 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini walio hatarini, uliofanyika Johannesburg ulimpandisha hadi Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya wale wa porini imepigwa marufuku. Hapa nyumbani, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamtaka mwenye kumfuga awe na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Bei ya chini bila karatasi inaweza kukupeleka kizimbani. Na hata angekuwa na karatasi zote, usimwingize kiumbe mwingine katika nyumba inayopakwa rangi. Mtoto aliyefiwa hahitaji mwingine haraka. Akija kutaka mwenzake Wingu baada ya miezi, na Wingu akiwa amepona na kupimwa, atafutwe kokateli aliyezaliwa tunduni, akae chumba cha peke yake kwa wiki kadhaa kabla hawajakutana.

Umgawe Wingu? Sioni sababu. Kokateli ni ndege wa makundi. Amempoteza mwenzake, na ukimwondoa kwa mtoto aliyemzoea utamwondolea cha mwisho anachokijua. Mtu anayeandika barua kama yako ndiye ninayetaka awe na ndege. Vikaango vya kawaida vya chuma au alumini vinapatikana sokoni Kitengela kila siku, na hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote utakalofanya nyumbani.

Imebaki habari ya mwanao, nami sikuiacha nyuma kwa kuwa ni ndogo.

Mtoto wa miaka tisa akifiwa hutafuta kosa lake mwenyewe, kwa sababu kosa lake ni kitu anachoweza kukishika. Maji ya jana yasiyobadilishwa asubuhi moja hayamwui kokateli mzima jioni. Mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo, na umwambie una hakika. Usimwambie Embe amesafiri wala amelala. Amemshika mkononi, anajua. Mweleze mapafu ya ndege yalivyo, vifuko tisa na njia moja ya hewa, kwa kuwa mtoto anayeuliza kila usiku anataka jibu lenye mwili. Mweleze kuhusu kikaango, na kwamba hata watu wazima wengi hawajui. Hili litakugusa wewe, maana kikaango kilikuwa chako, na huenda ndiyo sababu hukutaka kulitazama kwa karibu ulipoandika. Liseme hata hivyo, bila kujipiga kifua: hukuambiwa na aliyekiuza, na hakuna aliyeliandika hilo kwenye boksi kwa lugha unayoielewa. Akisikia mama yake anaweza kusema hivyo na bado akasimama, ataacha kubeba lile la maji.

Kisha mpe kazi. Awe yeye wa kuandika kwenye daftari kila jioni, kwa simu na mama yake mdogo wa Kajiado: Wingu amekula kiasi gani, amelia mara ngapi, mkia umetulia au la. Daktari atalihitaji daftari hilo. Lakini lile la maji mwambie leo, kabla hajapanda kitandani akakuuliza tena.

Shangazi